Gari Lizimapo

Vyombo vina maradhi ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maradhi yanayokaa. Gurudumu lililopasuka hubaki limepasuka, na betri iliyokufa hungoja pale pale mpaka fundi aje. Mgonjwa wa namna hii hana siri. Aina ya pili ni maradhi yanayokuja na kwenda, kama homa ya vipindi. Motokaa hukohoa, hutetemeka, huzima katikati ya njia. Baada ya robo saa huwaka tena ikaenda kwa ulaini kana kwamba haikutenda lolote. Na ifikapo gereji huimba kama cherehani mpya. Fundi huinua boneti, husikiliza, huifunga, kisha husema: "Mbona gari zima?" Naye dereva, kama ni mwalimu wa lugha, hupata faraja ndogo katika dhiki yake kwa kukumbuka kwamba Kiswahili kina *zima* mbili, moja ya uzima na moja ya kuzima, na kwamba gari lake lina haki ya kuitwa kwa zote mbili.

Nataka kusema neno juu ya maradhi ya aina hii ya pili. Naona kwamba watu huyatafuta mahali pasipo pake. Huyatafuta katika kipuri, hali makao yake ya kwanza ni katika wakati. Kabla ya kuuliza ni kitu gani kimeharibika yafaa kuulizwa huharibika lini, baada ya nini, na kwa mfuatano gani. Maswali haya hayawezi kujibiwa na bisibisi. Hujibiwa na shahidi aliyekuwapo, yaani dereva, na ala yake dereva ni maneno. Kwa hiyo uchunguzi wa gari linalozima na kuwaka ni, kwa nusu yake, kazi ya lugha. Nami nusu hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Gari lenyewe ni Toyota IST, la namna iliyoanza kuundwa Japani mwaka 2002, lenye injini ya lita moja na nusu na silinda 4. Wakaao Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa; magari hayo yamejaa katika barabara zetu, na mengi yamekuja yakiwa yamekwisha tumika kwao. Langu lina kazi moja iliyo kubwa kuliko zote. Mama yangu anakaa Kibaha, naye ni mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa juma hunabidi kumfikisha mjini, ambako damu yake husafishwa kwa mtambo kwa muda wa saa nne. Ahadi hii si kama ahadi za kikao cha idara. Akikosa siku moja, maji na chumvi ambazo figo zingalizitoa hubaki mwilini zikaulemea moyo. Na njia itokayo Kibaha ni ile ile ya Morogoro, ipitayo malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Anayezimikiwa katika mwinuko wa kutoka Ubungo kwenda Kimara, usukani umekuwa mzito mkononi na lori la makontena linamulika taa nyuma yake, hana haja ya kusoma vitabu ili ajue maana ya neno *kuhofu*.

Katika masika yaliyopita gari lilinizimikia mara tatu kwa juma moja, na mama akiwamo mara mbili. Tena lilikuwa na tabia nyingine: asubuhi baadhi ya siku lilitetemeka likiwa limesimama, likavuta kwa shida kama mtu apandaye ngazi na mguu mmoja. Mafundi huuita ugonjwa huo *misi*, nao husema gari *linamisi*. Neno limetoka katika Kiingereza, lakini limekwisha kupata uraia, hata vijana hulitumia pia kwa maana ya kumkumbuka mpenzi. Sijui ni nani aliyekumbukwa na silinda yangu ya tatu, lakini nitaifikia.

Kila niliyemweleza alikuwa na jawabu lililo tayari. Wengi walisema ni mafuta mabaya. Uchanganyaji wa mafuta umepata kuwa balaa katika nchi yetu, hata ikalazimu tangu mwaka 2010 mafuta yatiwe vinasaba ili ya wizi na ya mchanganyiko yatambulikane. Lakini mafuta mabaya hayachagui saa. Yangalikuwa mabaya asubuhi yangalikuwa mabaya na adhuhuri, nalo gari langu lilikuwa na saa zake.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ilikuwa safi, na fundi wake kijana mwenye bidii. Nilikwenda na mpwa wangu, ambaye hajapata kuendesha hata pikipiki. Mimi nilieleza, fundi akamgeukia mpwa wangu na kumwuliza gari lina nini. Mpwa wangu alisema kweli, kwamba hajui. Basi ushahidi ukaishia hapo, na kazi ikaanza. Walibadili pampu ya mafuta, wakabadili plagi zote 4, wakasafisha nozeli, na ili wafanye kazi kwa usalama waliuchomoa waya wa betri. Sitaki kumdhulumu kijana yule. Wazo lake halikuwa la kipumbavu, maana pampu iliyochoka hulegea ipatapo joto, na gari hukosa mafuta likazima. Lakini aliponya ugonjwa aliokuwa amepata kuuona kwa wengine, hakuuliza kama ndio huu. Na kwa kuchomoa betri kompyuta ya gari ilisahau kila ilichokuwa imeandika. Nilitoa pesa nyingi kwa mshahara wa mwalimu. Siku ya nne gari lilizima Mbezi.

Hapa nieleze kidogo namna injini inavyoishi, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa vitabu. Injini ya petroli hutaka vitu vitatu: hewa, mafuta na cheche, na yote matatu kwa wakati wake. Hewa na mafuta yanataka uwiano. Kwa kila gramu moja ya petroli huhitajiwa gramu 14 na kitu za hewa. Cheche nayo hutaka kufika pistoni ikiwa karibu na kilele cha mwendo wake. Gari likisimama huku linanguruma, kranki huzunguka kadiri ya mara 700 kwa dakika, na kila silinda hupata cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Silinda 4, basi, huwaka mara 1,400 kwa dakika, zaidi ya mara 23 kwa sekunde. Ni ajabu kwamba vyombo hivi havizimi kila siku.

Kwa kuwa mahitaji ni hayo, wakati wa ugonjwa hupunguza orodha ya watuhumiwa. Gari likisumbua liliposimama tu na kupona likienda mbio, shuku hewa ya wizi inayoingia kwa mpira uliopasuka, kwa maana hewa kidogo ya ziada ni nyingi kwa injini inayovuta kidogo, na si kitu kwa injini inayovuta nyingi. Likisumbua mlimani na penye mzigo, shuku mafuta yasiyofika, iwe kwa pampu au kwa chujio. Likisumbua penye unyevu, shuku njia ya cheche, kwa kuwa umeme wa maelfu ya volti hupenda kutoroka kwa njia ya maji. Likizima baada ya kupata moto na kuwaka baada ya kupoa, shuku kitu cha umeme kilicho karibu na joto. Hizi si sheria, ni dalili.

Fundi wa pili nilielekezwa na dereva wa bodaboda. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, hana jengo. Kazi yake huifanya chini ya mwarobaini pembeni mwa barabara, kule Kibamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akafuta mikono yake taratibu kwa tambara na kuuliza:

"Mwalimu, gari linasemaje?"

Nikamwambia: "Fundi, limenizimikia mara nne."

"Pole sana. Basi yaliyokupata wewe nimeyasikia. Sasa niambie yaliyolipata gari."

Msomaji wa sarufi ataona alichokitenda. Katika *limenizimikia* mna mimi, mna hasara yangu, mna malalamiko. Kiambishi cha kutendea kimenileta katikati ya habari na kuisukuma injini pembeni. Ni neno la haki kabisa kwa jirani na kwa ndugu. Kwa fundi halina faida. Mzee yule, bila ya kutaja kiambishi chochote, alikiondoa, akaniomba sentensi nyingine.

Akauliza tena: "Lilikohoa likatetemeka likazima, au lilizima tu?"

Nilisimama nikifikiri. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alieleza vema kwamba *-ka-* huonyesha tendo linalofuata jingine. Miaka yote nimeifundisha *-ka-* kwa hadithi za sungura na fisi, na leo nilikuwa nikiulizwa *-ka-* ambayo uhai wa mtu ulikuwa juu yake. Kwa sababu tofauti ni kubwa. Gari linalokosa mafuta hufa kama mtu mwenye njaa: hulegea, husita, hukohoa, likazima, na *-ka-* zake huhesabika. Gari linalokatikiwa na umeme halina *-ka-*. Lilikuwa linakwenda, na sasa haliendi.

"Lilizima tu," nikasema. "Kama taa."

"Na mshale wa mizunguko ulikuwa wapi?"

Hili nililikumbuka kwa sababu ya hofu, maana hofu huchora vizuri. Mara ile ya Mbezi gari lilikuwa bado linakimbia kwa nguvu ya mwendo wake, na mshale ulikwisha lala kwenye sifuri. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu asikiaye jawabu la mwanafunzi wa nyuma ya darasa.

"Na huku kumisi, ni saa ngapi?"

"Asubuhi, hasa kama usiku mvua imenyesha."

"Likipata moto?"

"Huacha."

"Na likizima, ni lini?"

"Likiisha kupata moto sana, kwenye foleni au baada yake. Halijapata kuzima asubuhi."

"Basi una wagonjwa wawili, Mwalimu, na gari moja."

Kwa maneno hayo alinipa zaidi ya niliyoyapata kwa fedha zangu zote za awali. Watu wote, na mimi pamoja nao, tulikuwa tukisema *gari linamisi na kuzima* kwa pumzi moja, na ile *na* ilitufunga macho. Ugonjwa mmoja ulipenda baridi na maji, ukaogopa moto. Wa pili ulipenda moto, ukaogopa baridi. Haviwezi kuwa kitu kimoja. Kilichovitenga si chombo cha kupimia. Kilichovitenga ni *hu-* ya mazoea na *-ki-* ya sharti, viambishi viwili ambavyo mtoto wa miaka minne wa pwani huvitumia bila kufundishwa.

Hata hivyo mzee hakukataa vyombo. Alikuwa na kompyuta ndogo ya kusomea, akaichomeka. Kumbukumbu ilikuwa tupu. Alinieleza kwamba hili halikumshangaza. Kompyuta ya gari huujua mzunguko wa kranki kwa njia ya sensa, kijisumaku chenye waya mwembamba uliosokotwa, kinachotazama gurudumu la meno. Katika injini hii meno ni 34. Palikuwa na nafasi ya 36, mawili yameachwa makusudi ili kompyuta ijue mzunguko umeanzia wapi. Sensa ikinyamaza, kompyuta haioni meno yakipita, na kwake meno yasiyopita maana yake ni injini iliyosimama. Haitoi cheche wala mafuta, na aghalabu haiandiki kosa, kwa kuwa kwa maoni yake hapana kosa.

Aliniomba nimwachie gari usiku kucha. Siku iliyofuata mama alikwenda kwa gari la kukodi, nami nikarudi kwa mzee alfajiri. Umande ulikuwa juu ya boneti. Akaliwasha, nalo likatetemeka mbele yetu. Nilifurahi kama mzazi ambaye mtoto wake hatimaye amesema mbele ya wageni. Kila silinda ya injini hii ina koili yake. Mzee alichomoa waya wa koili ya kwanza, mtetemo ukazidi, akaurudisha. Wa pili vivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu hapakuwa na badiliko lolote. Silinda ile ilikuwa haifanyi kazi tangu awali, kwa hiyo kuinyima cheche hakukuinyima kitu. Lakini bado hakusema ni koili. Huenda ikawa plagi, huenda ikawa nozeli. Akazima, akahamisha koili ya tatu kwenda ya kwanza, na ya kwanza kwenda ya tatu, akawasha. Sasa silinda ya kwanza ndiyo iliyokufa, na ya tatu imefufuka. Ugonjwa ulihama pamoja na koili. Alipoigeuza mwangani tuliona ufa mwembamba kama unywele ubavuni mwake. Penye unyevu cheche ilipita ufani ikakimbilia chuma cha injini, pasipo kuifikia plagi. Injini ilipopata moto unyevu ulikauka na cheche ikarudi njiani.

Mgonjwa wa pili alihitaji subira. Tuliacha gari linanguruma katika jua la adhuhuri, kiyoyozi kimefunguliwa ili lipate kazi. Mzee aliagiza kahawa. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikasahihisha. Baada ya dakika kama hamsini lilizima, bila kikohozi. Mzee hakukimbia, lakini hakupoteza muda. Aliinama kwa upande wa puli ya kranki, akachomoa kichwa cha waya, akagusa ncha mbili za sensa kwa mita ya umeme. Mita haikusoma kitu: njia ilikuwa imekatika. Tukangoja. Baada ya dakika ishirini aligusa tena, mita ikasoma kama kawaida. Ndani ya sensa uzi wa shaba ulikuwa umekatika, na ncha zake zikigusana. Joto lilizitenga, baridi ikazipatanisha.

Aliniambia kwamba alipokuwa kijana, enzi za kabureta na platini, kondensa ndogo iliyokuwa ndani ya kigawa-cheche ilikuwa na desturi hii hii: ikiwa baridi, nzima, ikipata moto, imekufa. Peugeot 404, zile zilizoshinda mbio za Safari mwaka 1963 na tena miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, alizifungua nyingi kwa sababu hiyo. Kipuri kimebadilika jina. Habari anayoiuliza kwa dereva ni ile ile.

Nimelifikiri jambo hili kwa upande wa kazi yetu. Sisi tunaotunga istilahi tumejitahidi sana kwa majina. Tukikutana na mtambo huuliza kila sehemu itaitwaje, na tukiisha kuipa jina huona tumeufikisha mtambo katika Kiswahili. Lakini mzee yule hakunisumbua kwa majina. Koili aliiita koili, sensa akaiita sensa, na lau ningaliziita "vile vidude" angalinielewa. Alichokidai kwangu ni vitenzi, navyo alikuwa navyo tele: kusita, kukohoa, kuguna, kulegea, kuvuta, kumisi, kuzima, kuzimika; na kila kimoja kwake ni ugonjwa wake, si pambo la usemi. Nilipomwuliza tofauti ya kusita na kulegea alinieleza kwamba gari linalosita hurudi lenyewe, na linalolegea halirudi mpaka uondoe mguu. Nimetafuta tofauti hii katika kamusi zilizo mezani pangu, sikuiona. Inaishi chini ya miarobaini, katika vinywa vya watu ambao hatuwaalikwi katika mikutano yetu ya istilahi, na wengi wao ni wazee.

Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu zoezi. Kila mmoja aende kwa fundi mmoja, wa magari, wa saa, wa mashua au wa majokofu, aandike vitenzi vya ugonjwa tu, pamoja na nyakati zake na viambishi vyake kama vilivyosemwa. Mpaka sasa daftari kumi na moja zimerudi. Fundi mmoja wa mashine za boti amekataa kuhojiwa mpaka mwanafunzi ashike kamba na kuwasha mashine mwenyewe.

Koili na sensa zilibadilishwa siku ile ile kwa fedha isiyofika robo ya niliyotoa kwanza. Ijumaa nilimchukua mama Kibaha saa kumi na moja alfajiri. Alisinzia tangu Kibamba hadi Ubungo, jambo ambalo hakulifanya muda mrefu. Pampu ya zamani, iliyotolewa bure kifuani mwa gari, bado nilikuwa nayo ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimpa mzee kama zawadi. Alishukuru, akaiweka juu ya benchi yake, akasema ataipima kwanza.